Sauti ya Mtumishi wa Ndani: Kutoka Siyu hadi Sengerema

Katika wilaya ya Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, si jambo la ajabu tena kuambiwa ya kuwa binti wa nyumba fulani yuko Muscat au Dubai, akaa katika nyumba ya watu, alea watoto wao au amwuguza mzee wao asiyeweza kuondoka kitandani. Zamani msichana aliyetoka huku kwenda kutumika alivuka maji kwa kivuko cha Kamanga au cha Busisi akafika Mwanza mjini. Na aliyekwenda mbali sana alifika Dar es Salaam. Habari za mishahara ya hawa waendao ng'ambo, mawakala wao na pasi zao zimeandikwa na watu wa sheria na wa magazeti, na yafaa waendelee kuziandika. Makala haya yanatazama jambo jingine, ambalo ni la fasihi. Mwanamke huyu akirudi, akataka kuisimulia kazi yake kwa Kiswahili, fasihi yetu imemwandalia mfano gani wa kuufuata? Nadhani imemwandalia majina mengi ya kutajwa na mifano michache mno ya kusema.

Tuanze na majina. Kitenzi kutuma kimetuzalia mtume, mtumwa na mtumishi: wa kwanza twamwombea rehema na amani, wa pili twaona haya kumtaja, na wa tatu aweza kuwa waziri wa serikali, maana naye hujiita mtumishi wa umma. Shina la Kiarabu lenye maana ya kutumika lilitupa hadimu, ambaye katika Kiswahili cha kale ni mtumishi au mtumwa, na wengi hulitoa humo jina la Wahadimu wa Unguja. Shina hilo hilo likatupa huduma na mhudumu, maneno ambayo leo hospitali na benki huyaandika mlangoni kwa fahari. Sasa limerudi kwa ndege kutoka nchi za Ghuba katika umbo la khadama, jina aitwalo msichana wa kazi huko, nalo halina fahari hata chembe. Shina moja, basi, lampandisha huyu na kumshusha yule, na ukichungua utaona kwamba kazi zao zafanana. Kinachotofautiana ni mlango anaoingilia kila mmoja.

Majina ya nyumbani kwetu nayo yana siri zake. Dada, au dada wa kazi, ni jina la adabu, na mimi sipendi kulidharau, lakini ni udugu wa upande mmoja: watoto humwita dada, naye hana fungu katika urithi, wala mara nyingi hakai nao wakati wa kula. Vijana wa mjini humwita beki tatu, kwa mzaha wa mpira. Kadhalika Watanzania walioko Marekani na Uingereza wana msemo wao, kubeba maboksi, ambao hutumika kwa kila kazi ya mkono ya ughaibuni. Na wengi katika hao wabeba maboksi hawajainua boksi lolote, bali hukesha na wazee wa watu, huwaosha na kuwalisha. Mzaha huo umemgeuza mzee kuwa sanduku, ili anayemhudumia asione haya mbele ya wenziwe. Sioni mfano ulio wazi kuliko huu wa lugha kuificha kazi kwa kuichekea.

Walakini kazi yenyewe si ngeni katika fasihi yetu iliyo bora. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima, umesomwa miaka mingi kama wosia wa dini na wa ndoa, na wasomaji wa siku hizi wameugombania: wengine husema ni minyororo ya mke, wengine huona kejeli iliyofichwa chini ya utii. Sitaingia katika ugomvi huo. Nataka msomaji autazame kwa jicho la mwuguzi. Binti aagizwa namna ya kukaa karibu na mume aliyelala, asimwamshe, wala asiondoke, ampepee, akiamka amwandalie chakula, amkande mwili na kumwogesha, amnyoe na kuzitengeneza ndevu zake, amfukize udi asubuhi na jioni. Mtungaji mwenyewe alikuwa mgonjwa alipotunga, na ugonjwa wake haukuwa wa siku mbili. Alifariki yapata mwaka 1860. Yamkini mtu aliyelala kitandani ndiye ajuaye kuliko wote thamani ya mkono uliotulia, na ya mlango usiofungwa kwa kishindo. Katika ushairi wetu wa kale sikumbuki mahali pengine ambapo mwili wa mtu mmoja watunzwa na mikono ya mwingine kwa utaratibu mrefu kama huu.

Lakini katika utendi huo huo binti akatazwa kuchanganyika na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Maneno hayo ni machache, na msomaji huyapita upesi. Mimi naona yafaa kusimama hapo. Maji ya kuoga yalichotwa na mtu. Makaa ya kufukizia udi yaliletwa na mtu. Mtu huyo aingia katika utendi wakati wa kazi tu, tena kwa njia ya katazo, kisha atoka asionekane tena. Kazi ile ile ikifanywa na mke, kwa kutaraji radhi ya mume na ya Mungu, ni pambo lake duniani na akhera. Ikifanywa na mtumwa haipati ubeti. Waliomtetea Mwana Kupona na waliomshambulia, kwa kadiri nilivyowasoma, pande zote mbili wamemtazama mke na mume. Mtu wa tatu aliyekuwamo chumbani hawakumwuliza neno.

Mtumishi aliyeandika mwenyewe tunaye, tena wa zamani. Selim bin Abakari, Mngazija, alikuwa mtumishi wa Mjerumani Dakta Bumiller, akafuatana naye mwaka 1896 katika safari ya Petersburg, Moscow na Siberia. Habari za safari hiyo aliziandika kwa Kiswahili, na Carl Velten akazichapa mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli. Kwa shabaha ya makala haya ni vigumu kupata maandishi yaliyo na maana zaidi. Yupo mtu wa pwani zetu katika nchi ya mbali, alala alalapo bwana wake, aondoka aondokapo bwana wake, na kalamu iko mkononi mwake. Asema nini? Asimulia miji na mito, baridi, desturi za watu, na jinsi walivyomkazia macho kwa kuwa hawakuzoea kuona mtu mweusi. Ni msimulizi hodari, mwenye jicho kali, na wanaomtaja kama shahidi wa historia tu wamnyima haki yake ya uandishi. Lakini msomaji anayetafuta habari za kazi yake, nani aliamka kwanza, nani alizitunza nguo za bwana, mshahara ulikuwa kiasi gani, huondoka na kidogo sana. Safari imo kitabuni, na mtumishi hayumo.

Sababu moja yaonekana upesi. Velten alikuwa mwalimu wa Kiswahili huko Berlin, akataka maandishi yatakayosomwa na Wajerumani, nao walipenda kujua Mswahili aionaje nchi ya Urusi. Jinsi Mswahili apigavyo viatu rangi walikwisha kuijua. Lakini iko sababu nyingine iliyo ndani ya lugha yenyewe, nayo ndiyo nataka kuikazia. Habari ya safari huenda kwa -ka-: tukaondoka, tukafika, tukaona, tukalala. Kila -ka- yataka tendo jipya. Kazi ya kumtunza mtu haina tendo jipya; hiyo huenda kwa hu-: huamka, humgeuza, humlisha, hufua, hulala, huamka. Tena kazi hii ina ajabu yake, kwamba ikifanywa vizuri halitokei jambo. Mgonjwa wa kitandani hugeuzwa kila baada ya saa 2 au karibu yake, usiku na mchana, ili mgongo na nyonga zisitoke vidonda; akigeuzwa hivyo mwaka mzima bila kukosa, matunda ya mwaka huo ni ngozi iliyo kama ilivyokuwa. Msimulizi wa -ka- hana la kusema juu ya ngozi nzima. Akiona kidonda, ndipo hadithi yake inapoanza. Mwana Kupona aliuruka mtego huu kwa sababu wosia hauhitaji -ka-: ampepee, amkande, amfukize, ni maagizo, na agizo la namna hiyo ni la kila siku.

Nathari yetu ya karne ya 20 imeshika njia ya Selim. Mpagazi wa bandarini amepata riwaya yake, Kuli ya Shafi Adam Shafi (1979), kwa sababu makuli wa Unguja waligoma mwaka 1948, na mgomo ni -ka- kubwa. Yaya akigoma hugoma peke yake jikoni, kisha hurudi kwao kwa basi la alfajiri, na hapana anayeandika. Upande wetu wa ziwa, kielelezo cha msichana aondokaye nyumbani kiliwekwa na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, katika Rosa Mistika (1971). Rosa haendi kutumika, aenda shule. Lakini mwendo wa riwaya ile umewakaa watu moyoni: msichana avuka maji, aanguka, na hadithi yaishia kaburini. Kezilahabi mwenyewe alielekeza lawama kubwa kwa baba, Zakaria, na kwa malezi ya kumfungia mtoto. Ni kitabu chenye akili kuliko kinavyosomwa. Wanaomwiga, na wale wasiojua kwamba wamwiga, wameiacha lawama hiyo na kushika kuanguka peke yake.

Hadithi ya onyo inayosimuliwa sasa juu ya msichana wa Uarabuni ni ya ukoo huo. Akaahidiwa, akaenda, akanyang'anywa pasi, akapigwa, akarudi mtupu. Sisemi kwamba hadithi hii ni ya uongo. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 juu ya wanawake wa Tanzania walioajiriwa majumbani Oman na Falme za Kiarabu ilieleza pasi zilizozuiwa, mishahara iliyopunguzwa au isiyolipwa, saa za kazi zisizo na mapumziko, na mateso mabaya kuliko hayo. Ikaeleza pia jinsi kafala, yaani udhamini unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, ulivyomzuia kuondoka. Atakayeyaita hayo chumvi amtukana aliyeyapata. Lakini mimi naihakiki hadithi ya onyo kama hadithi, na kasoro yake ni kubwa: ndani yake mwanamke hatendi kitu ila kudanganywa. Twajua alivyotendewa, hatujui alitenda nini. Vitenzi vyote ni vya mwajiri. Hata katika ripoti, ushahidi hukatwa vipande na kupangwa chini ya vichwa vya maovu. Ni lazima iwe hivyo kwa kazi ya sheria, lakini siku yenye saa 24, pamoja na mtoto aliyeogeshwa na mzee aliyelishwa, haiwezi kuonekana tena katika vipande hivyo. Na hadithi ya wakala, ile yenye nyumba ya bati jipya na pikipiki ya kaka, ina kasoro hiyo hiyo, maana nayo yaruka kutoka uwanja wa ndege hadi kwenye fedha bila kupita chumba cha mgonjwa.

Mtu aweza kuuliza, yadhuru nini? Kazi isiyosimuliwa ni rahisi kuachwa bila kuhesabiwa. Katika amri ya mishahara ya Tanzania iliyoanza kutumika Januari 2023, mtumishi wa kawaida wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri aliwekewa kima cha chini cha shilingi 120,000 kwa mwezi, na alalaye humo shilingi 60,000. Bila shaka waliopanga walitoa chakula na malazi. Lakini alalaye ndani ndiye aitwaye usiku mtoto akilia au mzee akitaka maji, na usiku huo haukupata hesabu yake. Nani angaliuhesabu, maadam fasihi nzima haina ukurasa unaouonyesha?

Kimya cha Selim chaendelea hata katika simu. Ujumbe wa sauti utokao Muscat kuja Sengerema una kanuni zake, kama barua za zamani zilivyokuwa na zake: salamu kwa baba na mama, salamu kwa wadogo, niko salama, fedha zimetumwa au zitatumwa, mniombee. Kazi haitajwi. Mtoto mwenye adabu hamwelezi mama yake habari za kumtawaza mwanamume mzee asiye ndugu yake, na mama mwenye adabu haulizi. Haya hii si unafiki. Ni stara, nayo ina uzuri wake. Lakini yaacha pengo, na pengo hilo hujazwa na msimulizi wa onyo au na wakala.

Nimewasikia wanawake waliorudi wakisimulia huku Sengerema, na wasikilizaji huwapa nafasi mbili tu. Mwenye kurudi na fedha aulizwa ni kiasi gani. Mwenye kurudi bila fedha aulizwa alipigwa wapi. Aliyekaa miaka 2, asipigwe, akalipwa kwa uhaba, akamtunza bibi mmoja kipofu hadi siku alipokufa, huyo hana swali lake. Mmoja wa namna hiyo, alipoachwa aseme apendavyo, alitandika kanga juu ya mkeka, akamlaza mtoto wa jirani, akaonyesha namna ya kubadili shuka chini ya mtu asiyeweza kuinuka: kumlaza kwa ubavu, kuikunja shuka chafu hadi mgongoni, kuitandika safi nyuma yake, kisha kumpindua juu ya mkunjo ule na kuivuta ile chafu kwa upande wa pili. Wanawake waliokuwapo wakaanza kubishana naye, maana wengi wao wamewauguza watu wao katika hospitali ya Sengerema, iliyoanza mwaka 1959, na katika hospitali zetu ndugu wa mgonjwa ndio wamwogeshao na kumlisha. Ulikuwa ubishi wa mafundi. Mmoja alisema mkono huwekwa begani, mwingine akasema huwekwa kwenye nyonga. Hu-, hu-, hu-, kwa muda wa nusu saa, na hapana aliyechoka kusikiliza.

Kwamba namna hii yaweza kuwa fasihi kubwa, tunao ushahidi Ukerewe, ng'ambo ya maji. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akazigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, zikachapwa mwaka 1980. Akafariki mwaka uliofuata. Msomaji mwenye haraka hulalamika kwamba kitabu hakisogei. Naam, hakisogei upesi. Kitereza akifika kwenye dawa ya mwanamke asiyezaa, au kwenye taabu za mume aliyebaki katika nyumba isiyo na mke, hukaa hapo hadi kazi imekwisha mikononi mwa wenyewe. Sifa hiyo, iliyohesabiwa kuwa uzito, ndiyo inayohitajiwa hapa. Angalimpeleka Bugonoka Muscat, tungalijua ukubwa wa beseni.

Na huko Muscat liko jambo ambalo mwandishi wa Kiswahili hana ruhusa ya kuliacha. Katika nyumba nyingi za mji ule Kiswahili chasemwa, kwa kuwa jamaa hizo zilitoka Unguja na Pemba, wengi wao baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Basi yaweza kutokea kwamba msichana wa Kisukuma au wa Kizinza amlisha uji bibi aliyezaliwa Mji Mkongwe, na wote wawili wasema lugha moja, huyu kwa lafudhi ya ziwa, yule kwa lafudhi ya pwani. Mzee amsahihisha matamshi. Msichana amwita bibi, kama amwitavyo mama wa mama yake. Naye aitwa mwanangu, na siku ya hasira aitwa kwa jina lile la kale lililotoka katika kutuma. Ndani ya chumba hicho yamo mambo ambayo watu wa pwani na wa bara wameyabishania kwa zaidi ya miaka 60, nani alikuwa mwenyeji, nani alimtumikia nani, nani ana deni kwa nani. Mwandishi dhaifu atataka mmoja wao amwangukie mwenziwe kwa machozi, ili apate -ka- yake. Mwandishi hodari ataanza na uji: ni wa unga gani, uwe mzito kiasi gani kwa koo lisilomeza vizuri, kijiko huingizwa upande gani wa kinywa cha mtu aliyepooza nusu, na jinsi msichana, huku bibi akimweleza habari za nyumba iliyokuwa na mlango wa nakshi, hungoja ameze kwanza kabla ya kuinua kijiko cha pili.